Gitaa la Mkono na Mfuko wa Nyumba



Wahenga walisema, "Vyaelea vimeundwa." Juma lililopita mke wa sajini mmoja alinisimamisha njiani, akanitolea swali ambalo naona ni la nyumba nyingi. Mumewe hupiga gitaa katika bendi ya kikosi. Ameweka akiba kwa miaka mitatu, na sasa ataka kuagiza gitaa la umeme lililoundwa kwa mkono ng'ambo. Bibi huyo hakumkatalia. Aliniuliza tu: "Mwalimu, fedha zote hizo zaenda wapi katika kipande cha mti?"

Nina sababu yangu ya kulijibu swali hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilimwagizia fundi mmoja gitaa la namna hiyo, lenye maua ya ganda la chaza. Fedha niliyomlipa tulikuwa tumeiweka kwa mabati ya jiko. Gitaa lilipendeza machoni, lakini halikupata kulia sawasawa hata siku moja. Masika na vuli vilipita mke wangu akipika chini ya paa linalovuja, wala hakunilaumu. Kimya chake kilinifundisha kuliko chuo cha ualimu.

Tuanze na mfano wa zamani. Mwaka 1950 Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, alianza kuuza gitaa lenye mwili wa ubao mtupu usio na uwazi, ambalo baadaye liliitwa Telecaster. Shingo aliifunga kwa skrubu, ili ikiharibika ibadilishwe upesi. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo, Michigan, ilitoa gitaa la Les Paul. Hilo uso wake ulichongwa kwa mbinuko, na shingo yake ikagandishwa kwa gundi. La kwanza liliuzwa dola 189.50, la pili dola 210. Kazi ya gundi na mbinuko ilikuwa kubwa zaidi, na bei ikapanda kidogo. Lakini wapigaji hodari wamejipatia sifa kwa yote mawili. Kwa askari anayehamishwa kituo hadi kituo, skrubu si aibu hata kidogo.

Siku hizi gitaa la kiwandani la mwanafunzi hupatikana Marekani kwa dola 200 au 300. Lililoundwa kwa mkono kwa agizo la mnunuzi huweza kufika dola elfu kadhaa. Tofauti hiyo hulipia mambo matatu: saa za fundi, uhaba wa mti, na jina.

Saa za fundi ndizo zenye haki. Tazama vyuma vyembamba vilivyopandwa shingoni. Katika gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648, chuma cha kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka mwanzo wa uzi, na cha 12 hukaa katikati kabisa, milimita 324. Kila nafasi hupatikana kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 17.817. Fundi akikosea milimita moja, sikio litajua. Kisha kila chuma hupigwa tupa na kusawazishwa na wenzake, uzi usije ukakwaruza. Hapo ndipo mkono wa subira unapoishinda haraka ya kiwanda.

Uhaba wa mti ni jambo jingine. Biashara ya mti wa rozi wa Brazili baina ya mataifa imezuiwa vikali tangu mwaka 1992 kwa mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, hivyo gitaa lenye mti huo ni ghali hata kabla halijaguswa na tupa. Jina nalo hulipiwa, lakini halishikiki kwa vidole. Na maua ya ganda la chaza hayaimbi: sauti ya gitaa la umeme hutokana na nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio haya. Tazama shingo kwa urefu wake kama uangaliavyo mtutu wa bunduki. Isiwe imepinda kama upinde wala kujisokota. Gusa uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12, uupige. Kisha ukandamize hapo hapo, uupige tena. Sauti mbili zilingane. Zisipolingana, daraja husogezwa kwa bisibisi. Likiisha kurekebishwa, na bado chuma cha tatu au cha tano kinatoa sauti potofu, kosa li shingoni, rudisha gitaa. Muulize fundi ubao ulikaushwa muda gani, na nani atalitengeneza likiharibika.

Tusidhani kwamba ufundi ni wa matajiri tu. Mwaka 1963 kijana Mwingereza Brian May na baba yake walianza kuunda gitaa nyumbani. Shingo waliichonga kutoka mbao kuukuu za mahali pa moto. Vifungo vya lulu vya mama vikawa alama za shingoni. Kazi ilichukua takribani miaka miwili, na gitaa hilo alilipiga katika bendi ya Queen mbele ya halaiki za watu. Na hapa jirani, Kongo, mtaani Lemba jijini Kinshasa, fundi ajulikanaye kwa jina la Socklo ameunda magitaa ya umeme kwa mkono kwa miongo kadhaa.

Basi, bibi mpendwa, mwambie bwana sajini hivi: asilipie kitu ambacho vidole vyake havijakigusa. Apige kwanza, alinganishe, alipe nusu, na nusu ibaki mpaka kazi ikamilike. Na kabla ya yote, ninyi wawili mkae na daftari la matumizi, ada ya watoto ikiandikwa mstari wa kwanza. Kitakachobaki ndicho bei ya gitaa lenu.

Mabati ya jiko letu yalipatikana baadaye. Gitaa lile lingali ukutani, zuri na bubu.