Chagua Zote

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, niliweka tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa cha orodha yangu ya kazi, kile kinachochagua zote, nikazisogeza kazi 63 zilizochelewa hadi Jumatatu. Wekundu wote ukafutika kwenye kioo. Nikafunga kompyuta, nikaenda kugombania daladala nikiwa mwepesi kama mtu aliyelipa madeni yake.

Sikuwa nimelipa hata moja. Mstari mmoja ulisema tu: "Barua ya mapendekezo." Aliyeihitaji ni binti aliyefanya mafunzo kwa vitendo ofisini kwetu, akiomba ufadhili wa masomo. Jumatatu ilipofika nilizisogeza tena, zote. Wiki iliyofuata akaniandikia: "Shikamoo dada. Usihangaike tena na ile barua, dirisha lilifungwa jana. Asante sana." Ile asante ndiyo iliyoniuma.

Utetezi wa kuhariri kazi nyingi kwa mkupuo naujua, nimeutumia mwenyewe: unaokoa muda. Kweli. Mwenzetu akiacha kazi, majukumu yake 40 yahamishiwe kwa mwingine mara moja. Jina la mradi likikosewa, lisahihishwe kote. Huo ni uamuzi mmoja unaogusa mistari mingi, na kubofya mara 40 ni adhabu isiyo na sababu. Ninachopinga ni maamuzi mengi kuvishwa sura ya uamuzi mmoja. Kuahirisha ni kuamua. Anayeahirisha mambo 63 kwa mbofyo mmoja hajaamua mara 63. Hajaamua hata mara moja.

Programu zenyewe zinatusaidia kujidanganya. Todoist huweka kitufe cha kupanga upya hapo hapo kwenye kundi la kazi zilizochelewa, tayari kuzihamisha zote. Jira, inayotumiwa sana na watengeneza programu, angalau hukupitisha hatua nne: kuchagua kazi, kuchagua kitendo, kujaza maelezo, kuthibitisha. Lakini hata pale kwenye kuthibitisha huulizwi swali lenye maana: nani anaisubiri kazi hii?

Linganisha na daftari la mikopo la mangi wa mtaani. Nusu kilo ya sukari ina mstari wake, na mstari una jina. Ukilipa, anakata huo mmoja. Akifunua kurasa kulitafuta jina lako, jicho lake linapita kwa wengine: huyu kalipa nusu, yule kahama, huyu mgonjwa, asisumbuliwe. Usumbufu huo wa kupitia ndio kazi yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, tena linalotukumbusha kwa mlio wa simu, na bado tunapoteza, kwa sababu tumeacha kulisoma.

Mtasema hakuna muda. Tupige hesabu. Mistari 63, sekunde 20 kila mmoja, ni dakika 21. Ile Ijumaa ningezitumia, ningekutana na barua ile na kuiandika. Au ningekiri kwamba sitaiweza, nikamwambia binti atafute mtu mwingine mapema. Kumkatalia mtu kwa wakati nako ni kumsaidia. Kumsogeza kimya kimya hadi Jumatatu ni kumfungia mlango huku ukimwacha aamini uko wazi.

Ahadi ni deni, na deni lina mdai mwenye jina. Kisanduku cha juu bado nakitumia, kwa kuhamisha na kusahihisha. Tarehe nazibadilisha moja moja, na kabla ya kuisogeza yoyote namwandikia kwanza anayesubiri. Kwa hiyo orodha yangu haipendezi tena. Ijumaa naondoka ikiwa na mistari myekundu saba au minane, na wenye mistari hiyo wote wanajua nimewachelewesha.