Nani Atayaandika Majina ya Wanafunzi Wetu?

Wazee wa Majita wamjua Suleiman Nyambui, mwana wa kwao, aliyepata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Zamani zile alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, na mbio alizokikimbilia chuo chake ziliandikwa, hata leo mtu aweza kuzisoma. Mji ule ulikuwa na magazeti mawili. Moja likafa mwaka 1997.

Na sisi huku Bunda? Mwaka 2024 wanafunzi wa sekondari walikusanyika Tabora kwa michezo ya UMISSETA. Mwulizeni mzazi wa Nyamuswa au Kibara ni msichana gani aliyeshinda mbio, hajui. Mwulizeni habari za Simba na Yanga, atawatajia hata mchezaji anayeumwa goti. Wala si kosa lake, maana ndiyo aliyopewa kusoma. Gazeti likipungukiwa na wanunuzi, mwandishi wa mikoani ndiye wa kwanza kuachishwa, na kurasa zilizobaki hupewa mambo yauzikayo Kariakoo.

Wako wasemao, "Simu zatosha." Twakataa. Mwalimu hupiga picha ya timu na kikombe chake, akaituma. Kesho yake imekwisha kufunikwa na salamu za asubuhi na habari za misiba. Simu ikianguka ziwani, mwaka mzima wa michezo umezama nayo. Tena picha ile haina majina, wala muda wa mkimbiaji, wala shule iliyoshindwa. Lakini gazeti, hata likifungiwa maandazi, bado mtu hulikunjua akalisoma.

Basi sisi waalimu tusijifiche nyuma ya wenye magazeti. Ni wangapi kwetu walionunua gazeti mwezi huu? Twashika saa, twapima mbio, twaandika muda kwenye kipande cha karatasi, na jioni kipande kile chawashia moto. Kila shule ina daftari la mahudhurio; daftari la michezo liko wapi? Na liandikwe: jina, shule, muda, tarehe. Nakala ipelekwe kwa mhariri kila mwisho wa mashindano, na akikataa mara tatu, apelekewe ya nne. Daftari lenyewe lisitoke ofisini, hata mwalimu mkuu akihamishwa.