Programu ya chesi haiandikwi kwa mdomo

Eti programu ya chesi ni kazi ya wikendi, AI itakuandikia? Sawa, ikikosea utajuaje? Mweupe akicheza, mweusi akijibu, tayari bodi yaweza kukaa namna 400. Kompyuta kuhesabu si tabu. Tabu ni kuifunza ipi nzuri, na wewe mwenyewe chesi hujui!

Mimi nlijaribu bao letu: mashimo 32, kete 64. Nikakwama kwenye nyumba: lini nalala, lini naendelea? Mzee mmoja barazani, nyuma ya maduka ya leso Biashara Street, alinieleza huku akinifunga. Bao la sheria mbovu likiingia kwa simu, wadogo zetu watajifunza hilo hilo.

Wasee, laptopu baadaye. Nendeni mkafungwe kwanza.