Jibu la Mjukuu Wangu Halikuwa Kosa

Kuna alama ya kosa niliyoiona katika daftari la mjukuu wangu hapa Busawe, nami mpaka leo sijaisamehe. Swali liliuliza: buluu na njano zikichanganywa hutoa rangi gani? Mtoto akaandika: "Inategemea. Zikiwa rangi za maji ni kijani. Zikiwa nyuzi ni kijivujivu." Akakatwa kwa wino mwekundu.

Nasema waziwazi: mtoto alipata, iliyokosa ni kalamu.

Ushahidi alioandika tuliupata pamoja. Wakati wa likizo tulifumua masweta mawili ya mitumba, moja la buluu na jingine la njano. Tukapigilia misumari kwenye fremu ya mbao, tukapata kitanda kidogo cha mfumi. Nyuzi za buluu tulizitanda wima, ndio mtande. Za njano tukazipitisha kwa upana, juu ya mmoja na chini ya mmoja, ndio mshindio. Kipande kilipofika shubiri mbili nikakitundika mwembeni, tukarudi nyuma hatua ishirini. Kwa karibu tuliona vitone vya buluu na vya njano. Kwa mbali vitone vilipotea, kikabaki kitambaa cha kijivu, chenye dalili ndogo tu ya kijani.

"Babu, kijani kimekwenda wapi?" akauliza.

Hakikwenda popote. Rangi za maji zikikorogwa, kila moja humeza sehemu ya mwanga, na kinachosalimika kwa zote mbili ni kijani. Nyuzi hazikorogeki. Kila uzi hurudisha mwanga wake, na jicho lililo mbali ndilo linalojumlisha. Tukafuma tena, safari hii mshindio ukipita juu ya nyuzi tatu na chini ya mmoja, na njano ikatawala. Nyuzi ni zilezile, rangi ni nyingine.

Nilipokwenda kuuliza, mwalimu kijana aliniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, mtihani hauna 'inategemea'." Namwelewa, madaftari ni mengi na usiku ni mfupi. Lakini kama swali linataka jibu moja, basi liseme wazi: rangi za maji. Uvivu wa swali usilipwe na mtoto.

Wako watakaocheka kwamba kufuma ni kazi ya waliofeli. Basi na wasikie. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza akakuta weusi wake ni mzima. Zilizoufifisha machoni ni rangi jirani. Mwaka 1839 akatoa kitabu juu ya jambo hilo, na wachoraji wakakisoma. Elimu ile haikushuka kutoka chuoni. Ilipanda kutoka kwenye kitanda cha mfumi.

Wala si lazima twende Paris. Wafipa wa Rukwa walifuma nguo za pamba kwa vitanda vyao kabla Wajerumani hawajafika. Naye Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu huu wa Mara, alionya mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea juu ya shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yenye maana hutoka vitabuni na kwa wasomi tu.

Hofu yangu si alama moja. Swali lile lilirudi katika jaribio lililofuata. Mtoto akajibu "kijani", akapata vema. Nikamwuliza kama anaamini alichoandika. "Hapana, Babu," akasema, "lakini ndivyo wanavyotaka."

Hiyo ndiyo hasara ninayoipigia kelele. Mtoto amejifunza kuyaacha macho yake nje ya mlango wa darasa.

Kitambaa bado kinaning'inia mwembeni. Anayetaka kubishana nami aje, akitazame kwa karibu, kisha arudi nyuma hatua ishirini.