Damu ya AS si kosa: waache kuhukumu wachumba na watoto

Siku hizi, makanisa mengi katika miji ya Kongo yanaomba wachumba walete karatasi ya ekzame ya damu mbele ya ndoa. Wanaangalia Ukimwi, na wanaangalia pia elektroforeze, ekzame inayoonyesha kama mtu ni AA, AS ao SS. Shabaha ni nzuri: wazazi wasizae mtoto wa SS bila kujua. Mtoto huyo chembe zake za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, naye anateswa na maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Inakadiriwa kwamba karibu watoto 40,000 wanazaliwa hivyo kila mwaka nchini Kongo.

Lakini karatasi hiyo isigeuzwe panga. Mchumba akiitwa "mwenye damu chafu" kwa sababu ni AS, mahari ikirudishwa na jina lake likatembea sokoni, hapo afya haipo tena. Ni hukumu tu.

Wanaohukumu wajue kwanza mambo yalivyo. Mtu wa AS si mgonjwa. Watu wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina hatari moja kati ya nne ya kuleta SS. Hesabu hiyo inaanza upya kila mara. Kuzaa mmoja wa SS hakulindi wanaofuata. Tena hakuna mtoto wa SS anayetokana na mama peke yake: baba pia ametoa sehemu yake. Basi mume anayemfukuza bibi kwa kusema "ukoo wenu umeniletea ugonjwa" anadanganya, na wakwe wanaomuunga mkono wanadanganya pamoja naye.

Zaidi ya hayo, mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison alionyesha, kwa uchunguzi aliofanya Afrika ya Mashariki, kwamba damu ya AS inamkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo maana imeenea sana katika nchi zenye mbu. Katika misitu ya Walikale, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, damu hiyo inayotukanwa leo imeokoa mababu wa wale wanaoitukana.

Wengine wanajibu kwamba mzazi mwema anamchagulia mtoto wake damu safi, kama Wazungu. Ni kweli, kule kuna maabara zinazopima mimba changa mbele ya kuiweka tumboni. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu dawa ya Casgevy, inayorekebisha chembe za mgonjwa wa SS. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Hata huko kuna mipaka: mchina He Jiankui, aliyetangaza mwaka 2018 kwamba amebadilisha jeni za mapacha walipokuwa mimba changa, alifungwa miaka 3.

Lakini mama aliyekimbia vita, anayelala chini ya shiti huko Masisi, amechagua nini? Hakupata ekzame mbele ya kuolewa, na kituo cha afya cha kijiji chake kiliporwa. Kumwambia leo kwamba alipaswa kuchagua vizuri ni kumtwika kosa ambalo si lake. Kumpunguzia mtoto maumivu ni wajibu wa mzazi, hilo halina ubishi. Lakini anayechagua lazima kwanza awe amejua, na mtoto aliyekwisha kuzaliwa hachaguliwi tena: anatunzwa.

Udongo huu unajua uchungu wa kupima watu kwa damu yao. Mwaka 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi, na watu waliwindwa kwa sababu ya ukoo waliozaliwa ndani yake. Nchi iliyopita hapo haiwezi kukubali aina nyingine ya kuchambua watu, hata ikivaa koti jeupe la muganga.

Kwa hiyo, wachungaji na wazee wasisome jibu la ekzame mbele ya watu. Jibu ni la wachumba wawili, na ibara ya 40 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na yule aliyemchagua. Muganga aeleze, wao waamue.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mahubiri. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa pia Kinshasa, ulionyesha kwamba dawa ya hidroksiyurea inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wa SS. Dawa iliyosaidia Kinshasa haipaswi kuishia Kinshasa.

Na wanaogawa misaada kwa wahami wawahesabu watoto hao. Baridi ya milima ya Masisi na kiu vinaamsha maumivu yao. Wanahitaji blanketi, maji mengi, chandarua na chanjo. Homa ikiwapata, wafikishwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho.

Mtoto wa SS ana jina, ana darasa lake, ana wenzake wa kucheza nao. Anayemwita "wa kufa" anamfungia mlango wa hospitali na wa shule kabla ugonjwa haujafanya kitu.