Bwana Mifugo Asiachwe Peke Yake



Tukihesabu wafanyakazi wa Mwansabombwe na mwambao wa Ziwa Mweru, tunawataja walimu, wauguzi na madereva. Bwana mifugo tunamsahau. Mwalimu ana walimu wenzake, muuguzi ana wenzake wa zahanati. Bwana mifugo mara nyingi hupelekwa kijijini peke yake, hana wa kushauriana naye.

Wapo wanaosema Luapula ni nchi ya samaki na muhogo, ng'ombe ni wachache, basi mtu huyu ana kazi gani? Sisi tunawajibu hivi. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo kuku na mbuzi ndio akiba ya mvuvi: ndio chumvi, sabuni na sare ya mtoto. Lakini ugonjwa wa mdondo hupiga sana miezi ya joto, kabla ya mvua, na banda zima huweza kwisha kwa siku chache. Kuku wakifa Oktoba, ikifika Desemba mvuvi hana ziwa wala banda.

Kinga ipo. Wenzetu wa Tanzania hutumia chanjo ya I-2 inayovumilia joto: tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi michache. Wanavijiji waliofundishwa huitoa wenyewe. Hapa kwetu kazi hiyo ifanywe Julai na Agosti. Julai watu hukusanyika kwa Mwata Kazembe kwa sherehe ya Mutomboko, na habari huenea upesi.

Tena kuna kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaanza kwa binadamu ni kifo. Kuwachanja mbwa 70 katika kila 100 huzuia ugonjwa usienee. Anayechanja mbwa analinda watoto wetu. Na sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa Afrika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani. Haikutoweka yenyewe. Iliondolewa na wafanyakazi waliobeba chanjo kijiji hadi kijiji.

Mwenzetu mmoja alituambia kwamba kinachomchosha si kazi. Ni kukaa wiki nzima asiulizwe hali, isipokuwa na mwenye mbuzi mgonjwa. Pikipiki ilikuwa imelala, hakuna petroli. Kijijini waliendelea kumwita mgeni, mpaka usiku mmoja alipokesha na mbuzi wa mzee aliyeshindwa kuzaa. Asubuhi aliletewa unga wa muhogo na samaki. Tangu hapo kwenye misiba na harusi huitwa kama mtoto wa hapo.

Tunafurahi, lakini undugu wa namna hiyo usingoje bahati. Tunadai nyumba ya kufaa, petroli, sanduku la barafu la kuwekea chanjo, na posho ya mazingira magumu ilipwe kwa wakati. Matawi yetu nayo yajilaumu: ni kiongozi gani amewahi kumtembelea? Aandikishwe, aitwe mkutanoni, apewe nafasi ya kusema. Na kila kijiji kichague vijana wawili afundishe nao kuchanja. Hapo atakuwa na wenzake wa kazi.

Tusingoje kuku wafe ndipo tumkumbuke.