Programu Huria za Simu na Haki ya Kutazama Ndani

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu nchini Marekani mwaka 1876. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo watu wengi duniani walijifunza kuitumia simu, lakini ni wachache mno walioruhusiwa kuitazama ndani. Vitabu vya fizikia vilieleza kipaza sauti na sumaku ya umeme. Mtambo wenyewe wa kuunganisha msemaji mmoja na mwingine ulibaki katika vyumba vilivyofungwa, na michoro yake ilikuwa mali ya kampuni zilizouunda. Mwanafunzi aliyetaka kujua zaidi aliambiwa asubiri mpaka aajiriwe huko.

Hali hiyo imebadilika, ingawa shule nyingi bado hazijatambua. Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Alihitaji swichibodi ya kupokelea simu za wateja, na bei ikamshinda. Akaandika programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida itende kazi ya swichibodi, akaiita Asterisk. Aliitoa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuisoma, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa baada ya kuibadili naye ayatoe mabadiliko yake kwa ruhusa hiyo hiyo. Programu ya namna hii ndiyo huitwa programu huria.

Yaliyomo ndani yake hayapiti uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Katika njia iliyozoeleka, sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hivyo sekunde moja ya maneno ni biti 64,000. Vipimo hufungwa katika pakiti, kwa kawaida kila moja ikibeba milisekunde 20 za sauti, yaani baiti 160. Anwani na maelezo mengine ya safari huongeza baiti 40. Pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ya baiti 200, ni biti 80,000 kwa sekunde kwa kila upande. Sehemu moja katika tano ya mzigo huo, basi, ni bahasha tu. Kabla ya mazungumzo kuanza, itifaki iitwayo SIP, iliyotangazwa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2002, hubisha hodi, hupokea jibu, na mwishowe huaga. Ujumbe wake huandikwa kwa maandishi ya kawaida ambayo macho ya mtu yanaweza kuyasoma.

Wengi huzisifu programu huria kwa kuwa haziuzwi. Sifa hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo, kwa maana kompyuta, umeme na fundi vyote vina gharama. Sifa kubwa ni kwamba zinasomeka, na kilichosomeka huweza kurekebishwa na asiyekiunda. Kwa miaka mingi waliotaka kuibana sauti kwa njia ya G.729, ipitayo kwa biti 8,000 tu kwa sekunde, walitakiwa kulipia leseni, mpaka hataza zake zilipokwisha mwaka 2017. Wakati huo huo wataalamu wa nchi mbalimbali walishirikiana kuunda njia ya Opus, iliyokubaliwa kuwa kiwango mwaka 2012. Hiyo huweza kushuka hadi biti 6,000 kwa sekunde, na msimbo wake uko wazi kwa wote. Mahali ambapo intaneti ni ghali na nyembamba, ujuzi wa namna hii ni akiba.

Wapo wanaoonya kwamba mlango ulio wazi humkaribisha mwizi. Onyo lao lisidharauliwe. Mitambo ya simu za intaneti yenye maneno ya siri dhaifu huvamiwa, na wezi hupiga simu za mbali kwa gharama ya mwenye mtambo. Tena umeme ukikatika, simu hizi hunyamaza. Lakini mitambo iliyofungwa nayo huvamiwa, na mwenye nayo hana njia ya kuona ufa ulipo. Dawa ya hatari hizi ni ujuzi, na ujuzi haupatikani kwa kukatazwa kutazama.

Mfano uko barani Afrika. Huko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape kujenga mtandao wao wenyewe. Vifaa vidogo vyenye programu huria, vikiendeshwa kwa nguvu ya jua, vilipitisha simu kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka 2014 mtandao huo ukasajiliwa kuwa ushirika, ukaitwa Zenzeleni, neno la Kixhosa linalomaanisha "jifanyieni wenyewe".

Shule haihitaji kufika huko kwa siku moja. Kompyuta tatu za zamani zilizounganishwa kwa waya zatosha, hata pasipo intaneti: moja iwe swichibodi, mbili ziwe simu. Mwalimu wa hisabati apate hesabu zake za biti. Mwalimu wa fizikia apate mawimbi na ucheleweshaji. Wanafunzi wazikamate pakiti na kuzisoma moja moja. Mtambo huo ubaki wa darasani, usiunganishwe na simu za umma bila kibali.

Vijana wa leo hubonyeza simu tangu utotoni, na ni rahisi kudhani kwamba kubonyeza ni kujua. Taifa lililoridhika na kubonyeza litanunua mitambo, litanunua mafundi, na mwishowe litanunua hata maoni kuhusu mtambo upi ulio bora. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kitabu cha simu sasa kimefunguliwa. Kilichobaki ni walimu kukiweka juu ya dawati.